Silabi Niliyoimeza

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujanisoma, usijali. Hukupitwa na kitu isipokuwa aibu yangu, na ya leo itakutosha.

Mimi ndiye yule msichana wa matangazo. Nakaa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa jamii, nabonyeza swichi, kisha nawaeleza watu kupitia vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za sokoni, stendi na kituo cha afya kuna nini, lini na wapi. Mji mzima unanijua kwa sauti. Wenyewe wananiita Matangazo.

Nikiwa mbele ya kipaza sauti sina woga hata kidogo. Niweke mbele ya mtu mmoja mwenye macho mawili, ulimi unaganda.

Na mtu mmoja mwenye macho mawili ni Fundi Rangi.

Mnajua pia habari za dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja kututembelea na begi la siku chache, na mpaka leo taulo lake liko kwenye kamba yetu. Ni yeye aliyewapatanisha bibi wa kwaya. Ni yeye aliyewatoa vijana wa stendi kwenye drafti wakaenda kuzibua mitaro ya soko. Wanawake wa sokoni wakampa jina la Mgeni Njoo, kwa vile mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wenyeji wote walipona. Mimi niliugua.

Wiki iliyopita simulizi niliishia nikiwa mbele ya kioo cha kabati, Jumanne asubuhi ya Wiki ya Kujitolea, nikijifunza sentensi moja tu: "Fundi, mimi nimejitolea kukushikia ngazi."

Maana Fundi Rangi alikuwa amekubali kuchora na kupaka rangi wodi ya watoto bila malipo. Alichotaka ni msaidizi mmoja wa kushika ngazi na kuchanganya rangi, Jumamosi kutwa. Siku nzima! Mimi chini, yeye juu. Hata nikikosa la kusema, ngazi ingesema kwa niaba yangu.

Nikaenda mkutanoni na sentensi yangu mdomoni kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja.

"Haya," akasema Katibu wa ukumbi, mzee anayependa kuuliza maswali akiwa ameshaanza kukunja karatasi zake. "Nani atajitolea kumsaidia Fundi?"

Mkono wangu ukaanza kupanda. Ulitoka gotini, ukapita kiunoni, ukafika begani.

"Mimi hapa, Katibu!"

Sauti hiyo haikuwa yangu. Mgeni Njoo alikuwa amesimama, khanga imemkaa, meno yote nje.

Mkono wangu ukabaki begani. Nikajifanya najikuna.

"Utaweza wewe?" Fundi akamuuliza huku akicheka. "Ngazi yangu inatikisika."

"Nimeshashika mambo yanayotikisika kuliko ngazi, Fundi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi mmoja wa kwaya akapiga kigelegele. Fundi naye akainamisha kichwa, akatabasamu, na mimi nilihesabu hilo tabasamu kama kitu nilichoibiwa mfukoni.

Katibu akanipa karatasi. "Katangaze, binti. Sisi tunapita kuikagua mitaro."

Nikaenda. Nikafunga mlango. Nikabonyeza swichi.

"Ndugu wananchi, habari za mchana. Kesho Jumatano ni siku ya kuchangia damu. Kula kwanza, usije na njaa ukatuangukia. Alhamisi tunawasomea watoto hadithi pale maktaba, mwenye miwani aje nayo. Jumamosi ni kupaka rangi wodi ya watoto. Na wiki ijayo, mpira kati ya akina baba na watoto wao. Akina baba, anzeni mazoezi mapema, kituo cha afya hakina bendeji za kutosha."

Nikasikia sokoni wakicheka. Nikafika mstari wa mwisho.

Ulikuwa umeandikwa hivi: Kwa upande wa msaidizi wa Fundi Rangi, Mgeni Njoo amejitolea.

Katikati ya neno hilo kuna silabi moja ndogo. Le. Ukiitamka, mtu ametoa nguvu zake kwa ajili ya wenzake. Ukiimeza, mtu kajiengua, kawaachia wenyewe.

"Kwa upande wa msaidizi wa Fundi Rangi," nikasema kwa sauti safi kabisa, "Mgeni Njoo amejitoa."

Ningependa kuwaambia kwamba ulimi uliteleza. Ulimi hauna mfupa, mngenielewa. Lakini haukuteleza.

Niliusukuma.

Kupitia dirishani nikawasikia wauza mboga.

"Amejitoa? Si sasa hivi alikuwa anajigamba?"

"Kaiona ngazi, kaingiwa na baridi!"

"Mgeni ni mgeni tu, mama. Hana mizizi."

Na Katibu, kutoka huko kwenye mitaro, akaropoka, "Hata geti la ukumbi hajalifikia keshaghairi! Wasichana wa siku hizi!"

Nilipaswa kuona haya. Haya ilikuja, sikatai, lakini furaha iliwahi kiti.

Haukupita muda, kivuli kikaziba dirisha langu. Nikanusa tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, kabla sijainua macho.

"Matangazo," akasema Fundi Rangi.

"Naam."

"Kwa hiyo dada yako amejitoa."

"Ndivyo... ndivyo ilivyotangazwa."

"Na aliyetangaza si wewe?"

"Ni mimi, ila... ndivyo."

Akaegemea kizingiti. "Basi ngazi yangu ni yatima."

Sasa! Sentensi yangu iko wapi? Nikaitafuta kichwani, nikaikuta imesambaratika kama shanga.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ngazi."

"Wewe ni ngazi?"

"Nitaishika! Nitaishika ngazi!"

Akacheka, lakini kicheko cha kumshika mtu mkono, si cha kumsukuma. "Nilijua utasema hivyo. Asubuhi nilikuona ukijikuna."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika meza, maana miguu ilikuwa imejitoa pia.

Nilirudi nyumbani nikitarajia vita. Mgeni Njoo alikuwa uani, mikono imezama kwenye povu, akiimba taratibu.

"Nimesikia kwamba nimejitoa," akasema bila kugeuka.

"Dada, ulimi..."

"Naujua ulimi. Nipe hiyo sabuni."

Nikampa. Akaendelea kuimba. Hakuna kinachotisha kama mtu uliyemkosea akikuomba sabuni.

Jumatano tukaenda kuchangia damu, yeye na mimi, bega kwa bega. Sista akamshika Mgeni Njoo mkono, mshipa ukajitokeza wenyewe kama uliitwa. Mimi nilitafutwa mshipa mkono wa kulia, nikatafutwa mkono wa kushoto, mwishowe nikaambiwa, "Nenda kanywe maji, mpenzi, urudi siku nyingine."

Hata mishipa ya damu ilikuwa upande wake.

Alipomaliza, aliyemletea kikombe cha maji ni dereva wa gari la wagonjwa, kaka mkubwa wa Fundi Rangi. Huyo ni mtu mkimya mno. Wenzake husema gari lake likiharibika, huwa hamwambii mtu, anasubiri gari liseme lenyewe. Akampa maji, akasimama kidogo kama aliyesahau njia, akarudi kupakia masanduku yake.

Sikumjali. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta mdogo wake.

Jioni hiyo tumekaa sebuleni, Mama anashona kitufe, mlango ukagongwa kwa kiganja, si kwa vidole.

"Hodi!"

"Karibu," Mama akasema.

Aliyeingia ni shangazi yake Fundi Rangi, mama wa makamo mwenye sauti inayotangulia mwili. Ndiye aliyemlea Fundi na kaka yake tangu walipofiwa na mama yao.

"Sikuja kukaa," akasema, akakaa. "Nimekuja kuuliza. Tuliwakosea nini?"

"Dada, mbona unaanzia mwisho?" Mama akaweka sindano chini.

"Wiki iliyopita si nilikuja hapa kwa heshima zangu? Si nilisema kijana wetu amempenda binti yenu, tunaomba mtupe sikio? Mkaniambia nisubiri jibu. Nikasubiri, mimi nisiyejua kusubiri hata chai ipoe! Leo watu wananiambia jibu limetolewa jana. Kwa kipaza sauti! Mwenzangu alikuwa ananunua vitunguu, akasikia jina la binti yenu na neno amejitoa. Soko zima likageuka likamtazama!"

Nikahisi kiti kinazama.

Posa. Kulikuwa na posa ndani ya nyumba hii, na mimi sikuambiwa, kwa sababu mambo ya wakubwa mdogo hupewa yakiwa yameshapoa. Na kijana wao! Amempenda! Wivu ukipanda hauulizi maswali mawili. Niliona ngazi, nikaona tabasamu la mkutanoni, nikaona yule aliye juu na yule aliye chini, na yule wa chini hakuwa mimi.

Kumbe nilikuwa nimeiba ngazi tu. Nyumba ilikuwa imeshachukuliwa.

"Dada yangu," Mama akasema kwa upole, "hilo tangazo lilikuwa la rangi. La ngazi. Halikuhusu posa."

"La rangi?"

"La rangi. Kujitoa katika kazi ya kupaka rangi. Au vipi, wanangu?"

Mama akanitazama mimi. Shangazi akanitazama mimi. Nikafungua mdomo. Mnajua kilichotoka. Hakuna.

Mgeni Njoo akasimama, akapiga goti mbele ya yule mama.

"Shangazi, mdogo wangu hana kosa. Alitangaza nilichomtuma. Nimejitoa kwenye ngazi, na kwenye posa pia nimejitoa. Nisamehe kwa kuwa ulisikia sokoni."

Kitufe cha Mama kikaanguka, tukakisikia kikibingirika.

"Mwanangu," Mama akanong'ona, "unajua unachosema?"

"Najua, Mama mdogo."

Shangazi akainuka. Safari hii hata sauti yake ilibaki nyuma. "Haya. Tumesikia." Akatoka.

Nilimfuata dada jikoni.

"Dada, kwa nini umesema hivyo? Hukunituma. Mimi ndiye..."

Akanishika shavu. "Asante, mdogo wangu," akasema. Kisha akachukua ndoo, akaenda zake bombani.

Asante! Nililitafuna hilo neno siku mbili. Nililiona ni sindano iliyopakwa asali. Ananiambia: nimejua ulichofanya, na bado nimekusitiri. Nimemwacha mwanaume ili wewe usiaibike.

Nataka kuwaambia nililia kwa majuto. Nililia, ndiyo. Lakini chini ya majuto, mle mle, kulikuwa na wivu mpya unachipua. Uzuri alinipita. Ucheshi alinipita. Sasa hata wema kanitangulia, tena kwa mbio.

Jumamosi ikafika.

Vitanda vya wodi vilikuwa vimetolewa barazani, sakafu imetandikwa magazeti ya zamani. Watoto wagonjwa wamejazana dirishani kwa nje, wamevaa mashuka mabegani, wanatoa amri.

"Fundi, mweke tembo!"

"Tembo avae viatu!"

"Viatu vya mvua!"

"Tembo ana miguu minne," Fundi akawajibu toka juu. "Nani atanunua jozi mbili?"

Wakacheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi, Sista akawafukuza, wakarudi.

Nami nilishika ngazi. Niliishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ukuta usianguke. Kila alipotaka rangi nilimpa, na vidole vyake vilipogusa vyangu nilisahau kama ile ni buluu au kijani. Hiki ndicho nilichokitaka. Hiki hasa.

Kisha akaanza.

"Dada yako, hata nyumbani anacheka vile?"

"Ndiyo."

"Anajua kuvumilia mtu asiyeongea sana?"

Nikamtazama. Wewe huongei sana? Lakini nikajibu, "Anaongea kwa wawili."

"Ana hasira?"

"Ana kidogo," nikasema. Tembo akanitazama kwa jicho lake moja lililokwisha kuchorwa. "Hapana. Hana. Nimesema uongo, hana hasira hata kidogo."

"Basi hasara," akasema, akashusha pumzi. "Hasara kubwa."

Siku nzima ya ndoto zangu, na dada yangu yuko katikati yetu kama mtoto aliyelala kati ya wazazi. Nikivumilia swali moja zaidi, nilijua ngazi nitaiachia. Na Fundi Rangi hakuwa na kosa lolote la kuvunjwa mguu.

"Fundi," nikasema. "Dada hakujitoa."

Brashi ikasimama.

"Alijitolea. Mimi ndiye niliyeimeza le."

"Umemeza nini?"

"Le."

Akatazama haraka makopo ya rangi chini. "Matangazo, hujanywa kitu humo?"

"Silabi, Fundi! Nilimeza silabi! Karatasi ilisema amejitolea, mimi nikasema amejitoa. Makusudi. Nilikuwa na wivu. Nilitaka... nilitaka ngazi." Machozi yakaanza. "Na shangazi yako alipokuja, dada akanisitiri, akasema amejitoa kwenye posa pia. Amekukosa kwa ajili yangu. Kama unampenda, nenda ukamwambie. Mimi nitasafisha brashi."

Tone la buluu likaanguka toka juu likanipata kwenye paji la uso.

"Amenikosa mimi?" Fundi akauliza. "Mimi nimeposa lini?"

"Shangazi yako alisema kijana wetu."

"Kijana wetu ni kaka!"

Nikamtazama. Akanitazama. Watoto dirishani wakajisogeza wasikie vizuri.

"Kaka yangu, dereva," akasema huku akishuka. "Ndiye aliyeposa. Mimi nilikuwa nauliza habari za shemeji. Nilitaka kujua kama pana matumaini, maana nyumbani kwetu hakukaliki. Tangu Jumatano kaka hali chakula. Ameliosha gari la wagonjwa mpaka maandishi yamefifia, itabidi niyaandike upya. Leo anakwenda kuchukua dawa hospitali kubwa, na amesema anaomba abakizwe huko huko."

"Anaondoka lini?"

"Nimemwacha anajaza upepo."

Nikaiachia ngazi. Nikakimbia na buluu yangu usoni.

Nawaomba mnielewe. Sijawahi kukimbia mjini mchana. Nikakimbia nikipita stendi, nikipita duka la misumari, nikiwaza jambo moja: dada yangu alimpenda yule mkimya, akamwacha, akanyamaza, kwa sababu mimi niliona wivu juu ya mwanaume ambaye hata hakuwa wake. Furaha ilinijaa na aibu ikanijaa, zikagombania pumzi yangu moja.

Ukumbini Katibu alikuwa ameshika kipaza sauti, akiwashukuru waliojitolea.

"...na kwa namna ya pekee, wamiliki wa makoleo..."

"Katibu, nipishe."

"Binti, una nini usoni?"

"Nipishe, mzee wangu, nakuomba."

Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti yangu bila waya. Akanipisha, akatoka nje kinyumenyume kama aliyeona moto.

"Ndugu wananchi," nikasema. "Hili ni tangazo la marekebisho. Jumanne nilisema dada yangu Mgeni Njoo amejitoa. Nilidanganya. Niliona wivu. Hakujitoa kwenye ngazi wala hakujitoa kwenye posa, alinisitiri tu mimi. Dereva wa gari la wagonjwa, kama unanisikia, zima gari. Usiende. Dada yangu anakutaka."

Nikazima swichi.

Soko likalipuka. Vigelegele, masufuria, sauti ya shangazi ikitangulia mwili wake kutoka upande wa pili wa barabara. Nikachungulia dirishani. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama katikati ya njia, limezungukwa na bibi wa kwaya, na yule mkimya ameweka paji lake kwenye usukani, mabega yanamcheza. Analia au anacheka, sikujua. Katibu alikuwa anampiga mgongoni.

Nikakaa. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Hatimaye nimefanya jambo jema. Hatimaye hata mimi.

Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, ukasukumwa komeo.

Mgeni Njoo alikuwa anahema. Khanga imelegea, viatu mkononi.

"Dada!" nikainuka kumkumbatia.

"Nani kakwambia namtaka?"

Mikono yangu ikabaki hewani.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Nani kakwambia namtaka yule kaka?"

"Wewe... ulimkataa kwa ajili yangu."

"Nilimkataa kwa sababu nilikuwa nataka kumkataa! Wiki nzima natafuta namna ya kumwambia Mama mdogo hapana bila kuwavunjia watu heshima. Ni mtu mwema yule, hana baya, lakini moyo haupo. Nikawa silali. Halafu wewe, Mungu akubariki, ukaniletea hapana yangu kwa kipaza sauti. Kwa nini unadhani nilikushukuru?"

"Nilidhani unanikejeli."

"Mimi nikikukejeli utajua."

Nje wameanza kuimba. Walikuwa wanamwita bibi harusi atoke.

Palikuwa na swali ambalo lilikuwa limebaki peke yake chumbani, na hakuna wa kuliuliza isipokuwa mimi.

"Basi ngazi, dada? Mbona ulijitolea ngazi?"

Mgeni Njoo, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu mjini, akaanza kuvaa kiatu kimoja, akakivua.

"Unadhani nina huruma sana na ngazi?" akasema. "Nilimfuata aliye juu yake."

Wivu niliodhani umehama ukarudi kama mwenye nyumba aliyesahau ufunguo. Haukubisha hata hodi.

Sikuwa nimekosea! Siku zote zile, tabasamu lile, mkutano ule, sikuwa nimekosea hata kidogo. Nilikuwa nimemlilia, nimemwonea haya, nimejivua nguo mbele ya mji mzima kwa ajili ya wema wake, na wema wenyewe haukuwepo. Alikuwa msichana tu kama mimi. Anamtaka yule yule.

"Na sasa umeniozesha kwa kaka yake," akasema, na sauti ikamkatika. "Ataniita shemeji. Maisha yangu yote, ataniita shemeji."

"Tayari anakuita hivyo," nikasema kabla sijajizuia.

Akakaa kwenye kiti changu. Akafunika uso. Nikajikuta, pamoja na wivu wote ule, namfuta machozi kwa ncha ya khanga yake mwenyewe. Moyo wangu ni mjinga hivyo. Huwa unamhurumia mtu huku unamtaka aondoke.

Akanishika mkono wangu pale pale shavuni. Akanitazama buluu ya usoni muda mrefu, kama anayesoma.

"Hiyo rangi kakupaka yeye?"

"Ilidondoka."

"Mdogo wangu. Ulimeza neno ili ukashike ngazi. Wewe, usiyeweza hata kumsalimia muuza maziwa. Kwa hiyo na wewe unamtaka."

Nikatazama sakafu.

"Sikiliza," akasema. "Mimi ni mkubwa kwako. Ukiniambia nikuachie, nakuachia, leo hii hii. Nitatoka hapo nje niwaambie watu hapana mbele ya macho yao, nipande basi, nirudi kwetu, wala hutasikia lawama. Lakini uniambie kwa mdomo wako. Si kwa kipaza sauti. Hapa, usoni kwangu. Unamtaka, au humtaki?"

Mtu mmoja, macho mawili.

Nikavuta pumzi. Neno lilikuwepo, safari hii zima, silabi zake zote zimekaa mahali pake. Likapanda kifuani, likafika kooni, likagusa meno.

Komeo likatikiswa. Mtu alikuwa anasukuma mlango kwa bega, na harufu ya tapentaini ikapenya chini yake kabla ya sauti.

"Fungueni," akasema Fundi Rangi. "Na mniambie, nani anaachiwa nani?"